Kusi Ndiyo Iliyokuwa Sheria ya Uvuvi

Mjomba wangu wa Jambiani, mashariki ya Unguja, ana madema kumi na mawili, mitego yake ya samaki, na Novemba iliyopita nilimkuta nayo yote juu ya mchanga, yamepinduliwa, yanapigwa jua. Hakuwa anayatengeneza. Alikaa kwenye ubavu wa ngalawa, kofia imemfika kwenye nyusi, anatazama mlango wa mwamba kule ambako povu jeupe huonyesha maji yanavunjika. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona hajatoka na maji yameanza kupwa. "Kaskazi imebisha hodi, mwanangu, haijaingia," akanijibu, akimaanisha upepo wa kaskazini. Siku mbili ilivuma, ya tatu upepo ukarudi kusini, ya nne ukalala kabisa, ya tano ikanyesha mvua.

Asiyevua ataona ni uvivu. Lakini dema la fito na mianzi hulazwa chini, likatiwa mawe, likaachwa usiku mmoja au miwili. Ukilipeleka karibu na mwamba na bahari ikachafuka ghafla, mawimbi yatalibingirisha mpaka livunjikie kwenye matumbawe, au kamba ya chelezo itakatika na dema litapotea na samaki wake ndani, liendelee kuvua kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Ukiliacha huku ndani ya mwamba, kwenye majani ya bahari, utapata tasi wadogo na changu wa kiganja, ambao mjomba mwenyewe anajua kuwa ndio kitoweo cha mwaka kesho. Ndani au nje? Zamani swali hilo hakuulizwa yeye. Upepo ulikuwa umeshaamua.

Tunazungumza sana siku hizi kuhusu tabianchi na samaki, na mazungumzo yamegawanyika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi moja linasema joto limewafukuza samaki. Jingine linasema wavuvi haramu wamewamaliza, na habari za joto ni visingizio vya kuombea fedha za miradi. Kila kundi lina ukweli wake, ila yote mawili yanaruka jambo lililo mbele ya macho yetu. Msimu ukivurugika, cha kwanza kuharibika ni ratiba ya mvuvi: siku ngapi atatoka, na akitoka ataelekea wapi. Samaki huja baadaye kwenye hesabu, na huja akiwa ameshaumia kwa sababu ya hiyo ratiba.

Sina haja ya kumfundisha mtu wa visiwani pepo zake. Kaskazi huingia kwenye Disemba ikakaa hadi Machi. Bahari ya nje hulainika, maji hung'aa, na vyombo hupita milango ya mwamba kwenda kutafuta nguru, jodari na kolekole. Kusi, upepo wa kusini, huanza Aprili au Mei pamoja na masika, hufikia ukali wake kwenye kipupwe cha Juni na Julai, kisha hulegea taratibu kwenye demani. Katikati ndipo palipo na maleleji, au tanga mbili kama wengine wasemavyo, chombo kinapoweza kwenda na kurudi upande wowote na mvuvi hodari hulipa madeni yake. Maji ya juu hupanda hadi kiasi cha nyuzi 30 mnamo Machi na hushuka hadi kiasi cha 25 mnamo Agosti. Mkondo wa mwambao wetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ila kusi huusukuma ukakimbia na kaskazi huuzuia ukatembea.

Yaweke hayo pamoja uone yalivyofanya kazi. Kusi ilifunga bahari ya nje kwa miezi kadhaa, na mwenye ngalawa alibaki ndani ya mwamba akila kidogo alichopata. Kaskazi haikufunga kwa nguvu, lakini ilimvuta mvuvi nje kwenye samaki wakubwa, na kwenye majani ya ndani makuzi yakapata nafasi. Nje ilipumzika kwa zamu yake, ndani kwa zamu yake. Hapakuwa na faini wala afisa uvuvi wa kusimamia. Sheria hiyo haikuandikwa, na ndiyo maana ilipoanza kulegea hakuna aliyeona kifungu kilichofutwa.

Je, imelegea kweli? Hapa inabidi niwe mwangalifu, kwa sababu wazee wetu ni wazuri wa kukumbuka misimu iliyokuwa na adabu, na ninashuku haikuwa na adabu kiasi hicho. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja meli za Sultani Sayyid Barghash bandarini, wakati ambao mtu wa pwani angesema kusi ndiyo inaingia tu. Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na hiyo ni moja ya sababu karafuu ikawa mali ya Pemba. Hata kalenda ya mabaharia wenyewe haikuwa saa ya ukutani. Mwaka wa Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, huukoga, yaani huusherehekea, kila Julai, una siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, na hauna siku ya nyongeza. Kila miaka minne hurudi nyuma siku moja, na karne ikipita ni siku zipatazo 25. Kwa hiyo mzee aliyesema "mwongo fulani kusi huanza" alikuwa anarekebisha hesabu kichwani kwa kutazama nyota, mawimbi na harufu ya upepo, kama baba yake alivyofanya. Elimu yake kubwa ilikuwa kwenye kurekebisha.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo si kumbukumbu za wazee. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu za bahari za joto zilizopata ongezeko la haraka la joto katika karne iliyopita. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi, na Misali, magharibi ya Pemba, iliumia vibaya. Yakapauka tena 2016, na tena 2024. Hata Chumbe, hifadhi ya kisiwa kidogo karibu na Unguja iliyofungwa kwa uvuvi tangu 1994, haikunusurika, maana hifadhi huzuia nyavu, haizuii joto. Vuli ya 2019 ilinyesha kama masika mawili yaliyoshonwa pamoja, baada ya maji ya magharibi ya bahari yetu kupata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, vyombo vya abiria kati ya Unguja na Dar es Salaam vikasitishwa, na watu waliozoea kusema "vimbunga ni vya Msumbiji" wakanyamaza kwa siku chache.

Siwezi kuapa kwamba kaskazi imefupika kwa siku kadhaa, wala sitaki kuapa. Kinachomtesa mjomba ni kutokujua. Mwaka mmoja kaskazi inaingia kwa wakati, unaofuata inachelewa, mwingine inaingia ikakatizwa katikati na siku kumi za mvua. Mvuvi aliyezoea kupanga miezi sasa anapanga siku tatu tatu. Na mtu anayepanga siku tatu hununua petroli kwa mkopo, hachukui mabaharia wa msimu, na wala hathubutu kwenda mbali. Anabaki ndani ya mwamba, mahali ambapo hata upepo ukigeuka ataweza kurudi kwa pondo. Kamba hukatikia pembamba, na hapo pembamba ni yale maji ya magoti yaliyopaswa kuwa kitalu.

Sasa ongeza hoteli. Jambo hili huwa halitajwi kwenye mijadala ya tabianchi, na mimi nadhani lina uzito kuliko nusu ya yanayotajwa. Msimu mkubwa wa wageni wetu ni Julai na Agosti, likizo ya watu wa Ulaya, kisha tena kuanzia Disemba. Disemba ni sawa, kaskazi iko mlangoni na nje kuna samaki. Julai ni kilele cha kusi. Yaani soko linafungua mdomo wake mkubwa kabisa wakati ule ule ambapo bahari ya nje imefungwa kwa mwenye chombo kidogo. Pweza, ngisi, kamba na changu wanaopangwa kwenye barafu mwezi huo wametoka wapi? Wametoka ndani, kwenye maji ambayo mtoto wa shule anaweza kuyatembea yakipwa. Zamani mvuvi wa kusi alivua kwa ajili ya chungu cha nyumbani na mnada mdogo wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, kwa sababu hata akivua zaidi hapakuwa na wa kumnunulia. Leo mchuuzi anasimama ufukweni na pikipiki, tenga lina barafu, simu iko sikioni, anaongea na jiko la hoteli huku akimwita mvuvi kwa mkono. Bei ya Julai ni nzuri. Nani atamlaumu mvuvi?

Ndiyo maana nakuwa mgumu kukubali ile suluhisho inayopendwa majukwaani, kwamba wavuvi wapewe boti za faiba na mashine waende bahari kuu, waache maji ya ndani yapumzike. Tangu Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ya Zanzibar ianzishwe mwaka 2020, boti za aina hiyo zimegawiwa kwa vikundi, na sisemi ni vibaya. Mtu aliyepiga kasia miaka thelathini ana haki ya kupumzisha mabega. Lakini boti ndogo ya faiba haibishani na kusi ya Julai. Skagit, iliyokuwa meli ya abiria, ilizama karibu na Chumbe Julai 2012 upepo ukiwa mkali, sembuse boti ya watu sita. Mwenye boti hiyo, akiona nje hakwendeki, hafungi mashine akalala. Anaizunguka ncha ya kisiwa kwa kasi mpya aliyopewa, akatafuta maji yaliyotulia, na maji yaliyotulia ni ghuba ya mtu mwingine.

Dago, yaani kwenda kuvua mbali na kwenu na kupiga kambi huko, si jambo geni. Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani huko Pemba, wamevua kuanzia mwambao wa Kenya hadi Mafia kabla ya babu zetu kuzaliwa, wakifuata upepo, wakipiga kambi, wakioa na kuzikana huko huko. Wenyeji waliwajua, na muhimu zaidi walijua lini watafika na lini wataondoka, kwa sababu upepo uliowaleta haukuwa na njia ya kuwaacha pale milele. Mashine imekata uzi huo. Mgeni wa dago sasa hufika upepo wowote na kuondoka samaki wakiisha, na ghuba kama ya Chwaka, yenye mikoko nyuma na majani ya bahari mbele, iliyo na kinga dhidi ya kusi, huwa na vyombo vingi kwenye mwezi ambao kwa hesabu ya zamani wenyeji peke yao wangekuwa humo. Ugomvi unaotokea tunauita ugomvi wa nyavu. Nyavu zimo, kokoro limepigwa marufuku na bado linakokotwa, lakini chini yake kuna ugomvi wa msimu.

Kwa wanawake mambo yana saa yake maalumu, na naomba msomaji asiharakie hapa. Huku kwetu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku za kawaida, hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Machi ndio mwezi ambao maji yenyewe yana joto la juu kabisa. Sasa tazama: mwezi wa joto kali, maji yamekimbia mbali kuliko siku zote, na yamekimbia saa tano, jua likiwa linaelekea utosini. Kwenye vidimbwi vilivyobaki juu ya mwamba ukitia mguu unautoa. Pweza hukimbilia kwenye mashimo ya chini zaidi, na mwanamke mwenye nondo yake hutembea hadi ukingoni kabisa mwa mwamba kumfuata, kisha arudi mbio kabla maji hayajamzunguka. Bibi mmoja alinionyesha nyayo zake, akasema zamani Machi alivaa raba kwa sababu ya miiba, sasa anavaa kwa sababu ya moto.

Na wengi wa wanawake hao hawakuwa wavuaji wa pweza kwa chaguo. Walikuwa wakulima wa mwani. Cottonii, ile ya bei nzuri, ilianza kufa kwenye maji ya moto tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikabaki spinosum ambayo bei yake ni ya kukatisha tamaa. Shamba likifa mwenye shamba hafi. Huchukua nondo akaenda mwambani. Kwa hiyo joto lililoua mwani likaongeza watu juu ya pweza, na ukihesabu pweza tu bila kuhesabu mashamba yaliyoachwa utaandika ripoti nzuri isiyo na jibu.

Dagaa nitawapita haraka. Wao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, upande wa magharibi uliokingwa, na kusi haiwasumbui sana wavuvi wake. Tabu yao iko nchi kavu: dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani, na mvua ya siku tatu nje ya wakati wake hugeuza mzigo uliokuwa uende Kongo kuwa chakula cha kuku. Anayeumia hapo ni mama aliyekopa kuwanunua, maana mwenye chombo ameshalipwa.

Tukirudi kwenye upepo, watu huniambia: si kuna utabiri? Upo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa bora kuliko tunavyoisifu. Kwa Hidaya ilionya mapema. Ila tangazo la kawaida husema hivi: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, mikoa ya Tanga, Dar es Salaam na Pwani pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Hilo ni eneo la mamia ya kilomita. Mawimbi ya mita mbili kwenye ncha ya Nungwi ni jambo moja. Mkokotoni, nyuma ya Tumbatu, siku hiyo hiyo mtu anavua na kuimba. Mvuvi akisikia onyo akatazama maji yake yametulia, mara ya kwanza hukaa nyumbani, mara ya pili hucheka, mara ya tatu hafungui redio. Halafu siku ya hatari yenyewe ikifika anakuwa ameshazoea kucheka. Kinachohitajika ni maneno mafupi ya kila diko: upepo utageuka saa ngapi, na maji yatakuwa yanajaa au yanapwa wakati huo. Upepo ukipingana na maji yanayotoka kwenye mlango wa mwamba, hata kilomita 25 kwa saa huua.

Lakini utabiri mzuri kuliko wote hautarudisha ile sheria ya zamani. Kama upepo hauamui tena ni lini ndani pafungwe, itabidi watu waamue, na kuna mahali wamejaribu. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, jamii ilianza kufunga sehemu ya mwamba wake kwa pweza, ikisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, na Kizimkazi wamefanya hivyo pia. Hufungwa takriban miezi mitatu. Pweza ni mnyama wa haraka, huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo na huongezeka uzito kwa kasi ya kushangaza, kwa hiyo miezi hiyo inatosha mtu kuona kwa macho yake tofauti ya kilo. Udhaifu wake naujua: siku ya kufungua hujaa watu kama siku ya Idi, wachuuzi hushusha bei, na kwa asubuhi moja huliwa kilichotunzwa kwa robo mwaka. Hata hivyo naona ndiyo njia pekee niliyoiona inayojibu swali lenyewe, kwa sababu inafunga ndani wakati hakuna upepo wa kuwatoa watu.

Kama ni mimi, kufunga kungewekwa kwenye kusi, na hoteli zingeambiwa mapema kwamba Julai mwamba fulani hautoi pweza, wapike kitu kingine. Watalalamika. Wageni wao wanakula kuku bila matatizo kwao, wataendelea kula kuku. Mvuvi ndiye atakayekosa bei ya Julai, na fidia yake lazima itoke mahali. Sehemu ya tozo inayolipwa na mgeni kwa kila usiku anaolala ufukweni ingeweza kuelekezwa kwenye shehia, yaani kijiji, iliyofunga mwamba wake. Hilo ni suala la bajeti, na linawezekana kuliko kuubembeleza upepo.

Mwezi uliopita nilikaa nyuma kabisa ya kikao cha kamati ya wavuvi ya shehia moja ya kusini, kikao cha kupanga siku ya kufungua. Katibu, kijana mwenye mwandiko mzuri, aliuliza tarehe. Wanaume wakaanza kutaja: tarehe kumi, tarehe kumi na tano, baada ya mishahara. Mama mmoja aliyekuwa anasuka ukili akasema, bila kuinua macho, "Bamvua la pili baada ya kusi kulegea. Kabla ya hapo wapiga mbizi hawafiki chini, na sisi tutarudi na vitoto." Watu wakaitikia, hata wale wa tarehe kumi. Katibu akaishika kalamu muda mrefu, akaigeuza fomu aliyopewa upande huu na huu. Ilikuwa na visanduku vitatu tu: siku, mwezi, mwaka.